Mwiba Mlangoni Saa ya Chai

Mwende, muuguzi aliyerithi meza yangu, alinipigia simu wiki iliyopita. "Sista Hawa, samahani sana kwa kukusumbua," akaanza, kama wanavyoanza wote siku hizi. Wanaandaa kijitabu cha wauguzi wapya wa afya ya akili, na wanataka niandike kurasa chache kuhusu mazoezi ya pumzi na kutuliza mawazo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikihangaika nayo huku watu wengine wakinicheka. Nikamwambia njoo basi tuzungumze, nikupikie chai. "Hapana, Sista, tusikuchoshe. Wewe andika tu, tutamtuma mtu wa tuktuk aje kuchukua." Haya. Naandika.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye faili, faili limo kabatini, na ufunguo wa kabati hilo ulipotea nikiwa bado na meno yangu yote.

Niliingia Garissa kutoka kwetu Hola nikiwa na sanduku la bati na sare mbili nyeupe, ambazo vumbi lilizigeuza rangi ya chai ya maziwa kabla ya Ijumaa ya kwanza. Mkuu wa zamu wodini alikuwa mwanamume mfupi, mkali kama pilipili. Hakuniuliza jina. Alinikabidhi funguo na kuniambia, "Usizipigepige. Mgonjwa akisikia funguo zinalia, anakumbuka kwamba amefungiwa." Jioni hiyo nilizifunga kwenye leso, zisitoe sauti. Mpaka leo ufunguo wa nyumba yangu naufunga kwenye leso, na wala hamna mtu ndani wa kuusikia.

Mume wangu alifariki mtoto wetu akiwa darasa la pili. Mama yangu akamchukua kumlea Hola, mimi nikabaki na wodi. Nilituma nguo, nilituma barua, nilikwenda likizo nikamkuta kila mara ni mrefu kuliko suruali niliyombebea. Sasa yuko Doha na hunipigia kila Ijumaa baada ya sala. Ni mtoto mzuri. Tukishaulizana hali ya hewa, tunabaki tunasikilizana tu.

Nayasema haya ili muelewe kwamba sikuanza kazi ya kutuliza watu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mtulivu. Niliianza kwa sababu nilipelekwa semina.

Semina ilikuwa Nairobi, siku kumi. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba aliyefundisha bila viatu, soksi tupu. Alitulaza juu ya mikeka, akatwambia tufumbe macho, tujione tuko kwenye bustani ya kijani kibichi, maji yanatiririka, ndege wanalia. Mimi nilikuwa nimesafiri usiku kucha na basi la Garissa. Nikalala fofofo, nikakoroma, na mwalimu akawaonyesha wengine kuwa huo ndio mfano wa utulivu kamili. Nikapewa cheti. Nikapewa pia kadi iliyofunikwa kwa plastiki yenye hatua za zoezi. Hatua ya kwanza: chagua mahali pa kimya. Ya pili: kaa peke yako, asikusumbue mtu kwa robo saa. Ya tatu: vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita. Kadi hiyo niliiweka kwenye sanduku la dawa, nikaiamini kama mtu anavyoamini dira.

Baadaye nilihamishiwa Wajir. Kila mwezi mara moja tulipanda gari la wizara na sanduku la dawa, mashine ya presha na jerikeni za maji, tukaenda Hadado kuona wagonjwa. Zahanati ilitupa chumba kimoja chenye meza moja na mbuzi aliyeamini chumba ni chake. Huko ndiko nilikofanya kazi na Shukri.

Shukri alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji na ndiye mkalimani wangu. Alikuwa mwanamke mnene, wa kucheka, mwenye ulimi usiobembeleza mtu. Kiswahili chake kilikuwa cha Wajir, p anaitamka b na v anaitamka f, na mimi Kisomali changu kilikuwa kibaya mara kumi kuliko hicho, kwa hiyo kati yetu hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake. Aliniita abaayo, yaani dada, tangu siku ya kwanza. Kati ya watu wote walioniita dada huku kaskazini, yeye ndiye niliyemwitikia kwa moyo.

Mwaka wa ukame mkubwa aliniletea Dahabo.

Dahabo alikuwa na umri wa miaka arubaini hivi. Mumewe alikuwa amefariki, na mbuzi na ngamia wake walikuwa wamekufa mmoja mmoja mpaka boma likabaki miiba mitupu. Halali usiku. Moyo unamwenda mbio. Mikono inamtetemeka, akishika kikombe chai inamwagikia nguo. Lakini lililotutisha si hayo. Mara mbili alikuwa amenyanyuka nyumbani katikati ya mchana, bila viatu wala maji, akaenda zake porini, na mara zote mbili watu walimfuata na kumrudisha kabla hajafika mbali. Hakuweza kusema alikuwa akienda wapi. Shukri aliniambia waziwazi, "Abaayo, mara ya tatu tutambata amekufa."

Basi kazi yangu ilikuwa hiyo moja: Dahabo asiende porini mara ya tatu.

Nilimpa dawa kidogo ya usingizi, kisha nikatoa kadi yangu. Nikamwambia afumbe macho, ajione yuko mahali penye majani mabichi baada ya mvua. Uso wake ukabadilika palepale, akaanza kulia bila sauti. Shukri akamsikiliza, akanigeukia. "Anasema ameona majani, na mizoga ya mbuzi zake iko juu ya majani." Nilijifunza hapo, na nyinyi jifunzeni bila kumliza mtu: bustani ya kijani ni ya mtu wa mjini. Mwache mgonjwa afumbue macho, aangalie kitu kilicho mbele yake. Kikombe chafaa. Hata yule mbuzi wa zahanati alifaa.

Kwa hiyo nikaiacha bustani na kushika pumzi peke yake, nne kuingia, sita kutoka. Ikamkubali kidogo, mabega yakashuka. Nikafurahi, nikajiona bingwa. Nikamwagiza, mbele ya shemeji yake Adan aliyemleta, "Kila siku baada ya sala ya alasiri, Dahabo akae peke yake ndani, kimya, afanye hivi robo saa. Asimsumbue mtu."

Shukri hakutafsiri mara moja. Aliniangalia. "Alasiri? Abaayo, alasiri ni saa ya chai. Wanawake wote wanakuja kwake. Tangu mume yake amekufa wanakuja kila siku."

"Chai inaweza kungoja," nikasema.

"Mtu mgonjwa huku haachwi beke yake."

"Shukri, nani muuguzi hapa?"

Akatafsiri. Neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika miaka yote ya kazi, na nililifanya kwa sauti ya upole nikiwa na kadi mkononi.

Sasa, huyo Adan alikuwa mtu wa kutii hospitali. Kuna watu ukiwapa vidonge vya siku saba wanakunywa siku mbili wakajisikia nafuu wakamgawia jirani. Adan hakuwa wa namna hiyo. Alirudi nyumbani, akakata tawi kubwa la miiba, lile ambalo hufungia mlango wa boma mifugo ikishaingia, akaliweka mlangoni kwa Dahabo. Wanawake walipokuja alasiri na birika lao, akawaambia: amri ya daktari, haingii mtu. Wakageuka. Wakaenda kunywa chai nyumba ya pili. Robo saa hakuwa na saa ya kuipima, basi kwa usalama akaliacha tawi mpaka magharibi. Na siku ya pili hivyohivyo. Na ya tatu. Baada ya wiki wanawake waliacha kuja kabisa, hata asubuhi, maana nani anataka kumharibia mgonjwa matibabu yake? Hata Shukri, Adan alimrudisha mlangoni.

Mimi nilikuwa Wajir nikingoja mwezi uishe.

Gari lilipofika Hadado, Adan alikuwa amesimama penye zahanati akinisubiri, kanzu safi, uso wa mtu anayekwenda kutoa hesabu nzuri. "Daktari," akasema, "amri yako nimelinda fizuri. Hata mbuzi hajabita." Kisha akaongeza, "Lakini juzi ametoka nyuma ya nyumba."

Ametoka vipi? Alikuwa amechana mkeka wa ukuta kwa mikono yake. Alienda porini alasiri hiyo, jua bado kali, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama, hakuna aliyejua mpaka magharibi Adan alipokuja kuondoa mwiba. Wachunga ngamia walimkuta kesho yake karibu na adhuhuri, amelala chini ya kichaka, midomo imepasuka, hajui jina lake. Walimdondoshea maziwa kinywani tone kwa tone.

Nilimkuta amelala juu ya mkeka zahanati, dripu mkononi, miguu imefungwa vitambaa. Shukri amekaa upande wa kichwani. Nilitaka Shukri anitukane. Angenitukana ningepumua. Alisema tu, "Kaa, abaayo," akanisogezea nafasi.

Dahabo alipoweza kusema, alizungumza Kisomali polepole na Shukri akanipa Kiswahili chake kidogokidogo. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza swali. Alisema: "Kila siku nilikaa kama ulivyoniambia. Nilivuta nne, nikatoa sita. Na kila siku nilisikia vikombe vyao nyumba ya pili. Niliwasikia wakicheka. Nikafikiri umewaambia ugonjwa wangu unaambukiza. Sista, unaambukiza?"

Nikatoka nje. Nilisimama nyuma ya gari nikalia mpaka dereva akajifanya anakagua tairi. Nililia kwa ajili yake, na nisiwafiche, nililia pia kwa ajili ya nafsi yangu. Maana nilijua sauti ya vikombe vya nyumba ya pili. Nilikuwa nimeisikia miaka mingi kwenye nyumba za wafanyakazi, na nilikuwa nimejizoeza kuiita utulivu.

Nilirudi ndani nikamwambia hauambukizi. Nikamwambia kosa ni langu. Shukri alitafsiri hilo nalo neno kwa neno.

Sikurudi Wajir siku hiyo. Niliomba ruhusa kwa simu, nikakaa Hadado siku tano, nikalala kwa Shukri. Alasiri ya kwanza baada ya Dahabo kurudishwa nyumbani tulikwenda kwake, na Adan mwenyewe alilibeba lile tawi akalitupa mbali, tena kwa hasira, utadhani tawi lilijileta lenyewe. Shukri akapita nyumba hadi nyumba. Wanawake wakaja na birika lao la chai ya iliki na maziwa, wakakaa. Mmoja akaniuliza kwa ukali ile robo saa ilikuwa ibada ya nani. Swali zuri, na mtaulizwa, msikasirike. Shukri akanijibia. "Si ibada. Ukikaa sana mguu inakufa ganzi, unanyoosha. Hii ni kunyoosha bumzi." Tangu siku hiyo sikutafuta maelezo mengine, nimewafundishia wanafunzi hayohayo mpaka nikastaafu.

Sasa sikilizeni jinsi zoezi lilivyopatikana, maana halikutoka kwangu. Ndani ya nyumba kulikuwa na haani ya Dahabo, chombo chake cha kusukia maziwa, imetundikwa ikiwa kavu tangu mbuzi walipokufa. Jirani mmoja, ambaye bado alikuwa na mbuzi wachache, aliitungua, akamimina humo maziwa ya mgando kutoka kwenye chombo chake, akaifunga, akamwekea Dahabo mapajani. Dahabo aliishika kwa ile mikono inayotetemeka, akaanza kuisukasuka. Inakwenda, inarudi. Inakwenda, inarudi. Wale wengine wakaanza kuimba chini kwa chini wimbo wa kusukia, na mimi, kwa tabia ya kazi, macho yangu yakaenda kifuani kwake. Chombo kikija kwake, anavuta pumzi. Kikienda, anaitoa, na kwenda kulikuwa kurefu kuliko kuja. Pumzi ileile ya kwenye kadi yangu, kasoro kuhesabu. Na mikono ilikuwa imeacha kutetemeka.

Ilidumu zaidi ya robo saa. Waliongea, wakanyamaza, wakaimba, wakanywa. Shukri akaniinamia sikioni. "Umeona? Chai haikungoja."

Dahabo hakwenda porini tena. Sisemi alipona kama mtu anavyopona malaria. Alikuwa na miezi mibaya, alikunywa dawa zake, alilia ukame uliofuata. Lakini kila alasiri haani ilizunguka kutoka paja hadi paja, na mtu aliyekuwa na siku mbaya ndiye aliyepewa kwanza. Mimi kadi yangu niliikata ile hatua ya pili kwa wembe. Mwende, utaiona kwenye droo ya chini, ina shimo katikati, usiitupe.

Baada ya hapo nilikwenda Dagahaley miaka kadhaa, kambini kwa wakimbizi, na sikuanza na pumzi. Nilianza kwa kuuliza: hapa watu hukaa pamoja saa ngapi, wakifanya nini? Akina mama waliosuka mikeka tuliwapa zoezi ndani ya mikeka. Wazee wenye tasbihi nyuma ya msikiti sikuwafundisha kitu, niliwaomba tu wamkaribishe mwenzao aliyekuwa amejifungia. Mkifika mahali, ulizeni hivyo kabla hamjafungua sanduku. Mkalimani akiwaangalia badala ya kutafsiri, nyamazeni, msikilize macho yake.

Shukri alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Nilipata habari kwa simu nikiwa wodini Garissa, nikafika Hadado amekwisha kuzikwa. Dahabo ndiye aliyenipokea. Aliniwekea haani mapajani kabla hata hajanipa maji.

Sasa nifike kwenye mwisho, nao si wa kijitabu. Mwende, hapa uamuzi ni wako.

Siku ya kuniaga mlinikalisha kiti cha mbele, mkanivika shela, mkanipa chupa ya chai ya lita tatu yenye maua. Mkaniomba neno. Machozi yalikuwa yananijia na sikutaka myaone, basi nikajitia ujasiri, nikasema: "Miaka yote hii nimekaa na watu. Sasa nataka kukaa peke yangu, kimya, asinisumbue mtu." Mkacheka, mkapiga makofi. Na wallahi mkatii. Mnatii kumshinda Adan. Mkikutana nami sokoni mnasema, "Sista, tunakuacha upumzike." Mkipiga simu mnaanza na samahani. Hata mwenye nyumba, nilipohamia, nilimwambia nataka utulivu, akawaambia majirani mama wa nyumba ya kona ni daktari, msimsumbue. Wananisalimia kwa adabu kubwa, kisha wanapita.

Kila siku baada ya sala ya alasiri nakaa kwenye mkeka wangu. Nne kuingia, sita kutoka. Zoezi nalifanya sawasawa, mwalimu wa soksi angefurahi. Na nyuma ya ukuta, nyumba ya pili, wanawake wanamiminiana chai. Jana nilijikuta nimeacha kuhesabu pumzi, nahesabu vikombe. Vilikuwa sita. Mmoja wao akacheka sana, nami nikaacha mkeka nikaenda kusimama karibu na ukuta, mimi, mtu mzima, muuguzi wa miaka yote hiyo, nisikie wanacheka nini.

Kwa hiyo mtu wa tuktuk usimtume. Karatasi hizi zifuate mwenyewe, alasiri, na uje na wenzako. Ile chupa ni ya lita tatu, na tangu mnipe sijaijaza hata mara moja, maana mtu mmoja anajaza lita tatu za nini? Huku kwangu hamna Adan wa kuondoa tawi, nalo nililikata na kuliweka mlangoni mwenyewe kwa mdomo wangu. Njooni mnisumbue.